Mtoto Niliyemwahidi Wifi

Jumatatu, 12 Mei

Muuguzi Loisi amenipa daftari hili na kalamu. Amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja. "Usiandike unachotakiwa kuhisi," amesema. "Andika kilichotokea." Hilo ninaliweza. Kwa miaka saba kazi yangu imekuwa kuandika kilichopo ardhini, siyo kile mwenye shamba anachotamani kiwepo.

Kilichotokea ni hiki. Naitwa Gwantwa, nina miaka thelathini na moja, ni mpima ardhi katika kampuni moja pale Vwawa. Mume wangu Watson ni wakala wa forodha Tunduma, anashughulikia karatasi za malori yanayovuka mpaka. Tarehe tisa Januari nilizaa mtoto wa kike. Akaitwa Marita, jina la marehemu mama yake Watson. Tangu siku hiyo sijawa sawa. Loisi anasema ni sonona ya baada ya kujifungua, kwamba ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na una dawa. Daktari ameniandikia vidonge, nimemeza cha kwanza leo. Nipo kwa mama yangu mzazi, Mbozi, nyuma ya Misheni, mpaka msimu wa kuchuma kahawa uishe. Ofisi imeniongezea likizo.

Kuna jambo jingine, nalo lazima liandikwe. Mwezi wa tatu nilikubali Marita achukuliwe na wifi yangu Fausta, dada yake Watson, akalelewe kwake Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Fausta ana miaka kumi na moja kwenye ndoa na hana mtoto. Watson aliniuliza tukiwa tunakula. Nikasema sawa. Atamchukua Jumamosi ya kwanza ya Septemba, mtoto akiwa ameshazoea uji. Siku niliyokubali nililala fofofo, mara ya kwanza tangu Januari.

Jumanne, 13 Mei

Baridi. Nimekula.

Alhamisi, 15 Mei

Mama haulizi chochote. Anaamka, anawasha moto, ananiwekea uji, anamfunga Marita mgongoni kwake, ananipa debe. "Safu hii yako," anasema, na yeye anaingia safu ya pili. Tunachuma kahawa nyekundu tu, za kijani zinabaki zisubiri zamu yake. Vidole vinafanya kazi bila mimi. Kila baada ya saa tatu ananiletea mtoto nimnyonyeshe. Namnyonyesha kwa kufuata saa. Naangalia majani.

Jioni anauliza swali moja tu: "Umekula?" Nasema nimekula. Nafikiri amenichoka.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani. Wanawake kumi na nne wamenisalimia kwa jina la Mama Marita na kuniambia mtoto anafanana nami. Nimesema ahsante kumi na nne.

Jumatano, 21 Mei

Watson amepiga simu. Mtoto mzima? Mzima. Dawa unakunywa? Nakunywa. Mama hajambo? Hajambo. Haya, kuna lori limekwama, nitapiga kesho. Ni orodha ileile kila siku. Hivyo ndivyo anavyokagua mzigo kabla haujavuka: idadi, uzito, muhuri, kisha geti linafunguliwa. Mimi na Marita tuko kwenye karatasi zake, na Septemba mmoja wetu atavuka.

Jumatatu, 26 Mei

Kliniki kwa Loisi. Amefunga mlango na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama nimewahi kufikiria kumdhuru mtoto au kujidhuru. Nimesema hapana.

"Unafikiria nini basi?"

"Kuondoka."

"Kwenda wapi?"

"Popote. Mahali ambako sihitajiki."

Ameandika. Amesema nikiona wazo hilo linapata miguu nimwambie mama, au nije, hata kama siyo siku yangu. Nimesema sawa. Mimi husema sawa kwa kila mtu.

Jumatano, 4 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Madebe matatu. Nimekula.

Jumatatu, 9 Juni

Madebe manne. Marita ameota jino la chini. Mama ndiye aliyeliona.

Jumapili, 15 Juni

Naandika ya jana.

Mama alikwenda kupeleka kahawa kwenye mashine ya kumenyea, kule chini mtoni. Aliniachia Marita amelala juu ya kitenge chini ya mti wa kahawa, kwenye kivuli, mwanzo wa safu yangu. "Sikawii," alisema. Nikachuma mpaka mwisho wa safu. Debe lilikuwa nusu. Nikaliweka chini, nikapita mti wa mwisho, nikashika njia.

Sikukimbia. Nataka iandikwe hivyo. Nilitembea kama mtu anayekwenda dukani. Sikuwa na hasira na mtu, wala sikulia. Nilihesabu hatua, kwa sababu hatua yangu ninaijua, ni sentimita sabini na nne. Tuliipima chuoni na haijabadilika. Nilipita nyumba ya mwinjilisti, nikapita kisima, nikajibu salamu mbili. Kufika barabara kuu zilikuwa hatua elfu nne mia moja na kidogo. Kilomita tatu. Nilisimama ukingoni, upande wa magari yanayokwenda Tunduma, na kichwa changu kilikuwa chepesi kama chumba kilichotolewa vyombo.

Lori likasimama. Dereva alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya sufu. Akainama dirishani. "Tunduma, dada?"

Nikafungua mdomo kusema sawa. Hapo nikamwona anaangalia kifua changu, kisha anaangalia pembeni kwa haya. Blauzi ilikuwa imelowa maziwa pande zote mbili mpaka kiunoni. Sikuwa nimehisi.

"Dada," alisema, "mtoto yuko wapi?"

Aliuliza taratibu. Nilisema, "Nimemwacha chini." Yule dereva akazima injini. Akashuka. Akaniambia, "Rudi. Mimi nasimama hapa nakuangalia mpaka upotee kwenye ile kona." Akasimama kweli, kando ya lori lake, mikono mfukoni, mpaka kona ikanificha.

Kurudi sikuhesabu. Nilikimbia, nikaanguka mara moja karibu na kisima.

Mama alikuwa ameketi pale pale chini ya mti, Marita kifuani kwake. Mtoto alikuwa ameshalia mpaka sauti imekauka, anatoa upepo tu. Niliona usoni kwa mama kitu ambacho sikuwahi kukiona, nikadhani atanipiga. Alisogea kidogo kwenye kitenge.

"Keti," alisema. "Mpe."

Nikampa. Alinyonya huku anatetemeka. Nilimwangalia, nilitaka kuona nimefanya nini. Ana kovu dogo la upele kwenye sikio la kushoto. Ana miezi mitano na sikuwa nimeliona.

"Ulifika wapi?" mama aliuliza.

"Barabarani."

"Kesho kutwa tunakwenda kwa Loisi. Utamwambia wewe. Mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo."

Debe langu alilimalizia yeye.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwambia Loisi yote, mpaka dereva. Hakushtuka. Amemwita daktari, dozi imeongezwa. Wamekubaliana na mama kwamba kwa sasa nisiachwe peke yangu na mtoto, na kila wiki niende kliniki. Nilidhani nitaona aibu. Nimejisikia kama mtu aliyetua ndoo.

Loisi amemuuliza mama kama baba wa mtoto aambiwe. Mama amenitazama mimi. Nimesema nitamwambia mwenyewe.

Jumatano, 18 Juni

Sijamwambia.

Jumatatu, 23 Juni

Upepo mkali, kahawa ya kwenye vichanja imefunikwa. Tumekaa jikoni tukichambua punje zilizotobolewa na wadudu. Mama ameanza kusema bila kuinua macho kwenye ungo.

"Nilipomzaa kaka yako Jairo nilikaa miezi minane sijamwita jina. Nilikuwa namwita 'hicho'. Leteni hicho kinyonye. Wakasema nimerogwa. Bibi yako akaninyoa nywele zote, nikapelekwa huku, nikapelekwa kule. Baba yako akahamia kulala kwa mdogo wake."

"Ikaishaje?"

"Haikuisha siku moja. Ilipungua. Kuna mwaka niligundua haipo." Alipuliza makapi. "Jairo hajui. Usimwambie."

"Mbona hukuniambia mimi? Tangu Januari, mama."

Alichambua viganja viwili.

"Nilidhani ni yangu peke yangu," alisema. "Nilidhani nimekurithisha."

Nilikuwa nimeandika hapa nyuma kwamba mama amenichoka. Nilikosea kipimo. Alikuwa ananiogopea, na alikuwa anajiogopa.

Jumatano, 2 Julai

Baridi kali, majani ya maharage yameungua. Nimekula mara mbili bila kuulizwa.

Jumatatu, 7 Julai

Sikukuu. Hakuna mashine. Nimefua nguo za Marita mwenyewe, mama akiwa kibarazani.

Jumamosi, 12 Julai

Chama cha wakulima kinajenga jukwaa jipya la kuanikia kahawa pale mtoni. Fundi ni Jonasi, tumesoma wote shule ya msingi. Nilikwenda na mama kupeleka madebe. Nikasimama kungoja zamu, nikaangalia zile kamba alizofunga kwenye vigingi.

"Jonasi," nilisema, "kona hiyo imelala."

Akacheka. "Mama Marita, acha utani. Nimeipima."

"Umeipima kwa macho. Ukijenga hivyo, mwisho wa jukwaa utakuwa umekosa karibu nusu mita."

Watu wakageuka. Hata mimi nilisikia sauti yangu. Ilikuwa sauti ninayoitumia kazini, ambayo haiombi ruhusa. Nikaomba futi kamba. Nikapima mita tatu upande mmoja, nikaweka alama, mita nne upande wa pili, nikaweka alama, nikamwambia ashike mwanzo wa futi kwenye alama ile. "Kati ya alama na alama iwe mita tano kamili. Ikiwa tano, kona imesimama."

Ilikuwa mita tano na sentimita kumi na nane.

Tukang'oa vigingi. Tulifanya kazi mpaka saa nane mchana, kona zote nne, na mwishoni tukapima mishazari miwili ikalingana. Nilikuwa na tope mpaka magotini. Sikufikiria chochote kwa saa nne isipokuwa mistari, na haikuwa ule utupu wa barabarani. Chumba hiki kilikuwa na vyombo.

Jonasi alinawa mikono akasema, "Gwantwa, ulikuwa wapi muda wote huu?"

Nikamwambia nilikuwa naumwa. Ni mara ya kwanza namwambia mtu asiye wa nyumbani. Akasema, "Pole. Na mguu wa jukwaa tuuweke wapi?"

Jumapili, 13 Julai

Nimempigia Watson, nimemwambia ya tarehe kumi na nne Juni. Kisha akasema, "Unaona sasa. Ndiyo maana nilisema Fausta." Akakata. Baada ya dakika kumi akapiga tena, akauliza kama mtoto mzima, kama dawa nakunywa.

Alhamisi, 24 Julai

Marita amecheka. Niligeuka nyuma kuona anamchekea nani. Hapakuwa na mtu.

Ijumaa, 25 Julai

Amecheka tena. Ni kwa sababu nilipiga chafya. Nimepiga chafya za uongo kama ishirini. Mama amekuja kuuliza kama nina mafua.

Jumamosi, 2 Agosti

Fausta amekuja kutoka Nakonde kutusalimia. Ni mrefu kama Watson, anatembea na mwavuli hata kiangazi. Ameniletea vitenge viwili vizuri, ameleta sukari, amemletea mama sufuria. Ni mtu mwema. Ningependa kuandika vinginevyo.

Alimchukua Marita kabla hajakaa. "Mama yangu huyu," alimwambia, "mama yangu mzazi amenirudia. Unanijua? Nijue basi." Marita akamshika pua. Fausta alicheka mpaka machozi, akajifuta kwa ncha ya kilemba.

Tukala. Akaniambia ameacha biashara yake ya nguo sokoni, maana mtoto hawezi kulelewa na mtu anayetoka alfajiri. Ameshapaka chumba rangi ya njano. Mume wake amenunua kitanda cha watoto, chenye vyuma pembeni, kimetoka Lusaka.

"Wifi, wala usiwe na wasiwasi," alisema. "Utakuja kumwona muda wowote. Hakuna mto kati yetu, ni geti la mpaka tu. Wewe pumzika, urudi kwenye kazi yako, urudi kuwa Gwantwa. Mimi nitabeba."

Alikuwa anamlisha uji. Alimfuta kidevu kwa kidole chake kidogo, na Marita akafungua mdomo kama kifaranga, akimwangalia yeye, hajui mimi nipo. Kitu kikanichoma ndani. Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta. Nilidhani ugonjwa umerudi. Nilikaa nikaupima vizuri. Ugonjwa ni bapa, hauna pembe. Hiki kilikuwa na pembe kali. Kilikuwa wivu.

Nimerudi ndani nikamwambia, "Wifi, nipe nimnyonyeshe." Haikuwa saa yake.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwambia Loisi kwamba sitaki mtoto aende. Nimemuuliza kama hayo ni mimi au ni dawa.

"Dawa haijui hata jina la mtoto wako," amesema.

Nimemuuliza kama ugonjwa unaweza kurudi. Amesema unaweza, hasa nikiacha vidonge mapema au nikizaa tena, na kwamba sasa ninajua mlango wa kliniki ulipo.

Jumapili, 10 Agosti

Watson amekuja. Amekaa kwenye kiti cha baba, amemshika Marita kwa mikono miwili kama anayeshika chombo cha mtu. Mama akajipa kazi bustanini.

Nilimwambia, "Marita haendi Nakonde."

Alimtazama mtoto. "Nilishatoa neno."

"Najua."

"Na wewe ulikubali. Sikukulazimisha."

"Nilikubali."

"Dada yangu ameacha biashara. Amepaka chumba. Anakwenda kanisani anatangaza." Sauti yake ilipanda. "Na ikirudi? Ukitoka tena ukaenda barabarani, na safari hii asisimame mtu?"

Ni swali la haki. Nilimwambia, "Inaweza kurudi. Siwezi kukuahidi haitarudi. Naweza kukuahidi kwamba nitasema. Juni sikusema. Nilisema sawa kwa kila mtu."

"Na wewe je? Ulikuwa hunitafuti. Unapiga simu kukagua tu, mzima, anakunywa, basi," niliendelea. Nilikuwa na hasira, na nilifurahi kuwa nayo. "Umetufanya mzigo wa kuvusha, Watson."

Akamlaza Marita mkekani. Akakaa akiangalia mikono yake.

"Machi," alisema, "nilikuwa natoka ofisini saa nne. Natoka tena saa saba. Natoka saa tisa. Namwambia bosi nakwenda kufuata karatasi. Nakuja nyumbani, sipigi hodi, nasimama dirishani pale kwenye ndoo za maji. Naangalia kama mko hai. Siku moja nilikukuta umekaa, mtoto yuko kwenye beseni, maji yameshapoa, amekuwa wa bluu midomo, na wewe umekaa tu karibu naye, umeshika taulo. Umeshika taulo, Gwantwa. Nilimtoa, nikamfunika, nikarudi kazini, nikakaa kwenye choo cha ofisi nikalia. Jioni ndiyo nikakuuliza habari ya Fausta."

Siikumbuki siku hiyo. Nimejaribu tangu mchana kuikumbuka. Taulo nalikumbuka, la kijani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nilidhani nikisema utavunjika."

Marita alikuwa anavuta kamba ya kiatu cha baba yake, Watson akamwachia aifungue yote.

"Haya," alisema mwishoni. "Nitampigia Fausta."

"Hapana. Mimi ndiye niliyekubali. Nitakwenda mwenyewe nikamwambie uso kwa uso."

"Lini?"

"Wiki hii."

Alhamisi, 14 Agosti

Sijaenda. Kahawa nyingi.

Jumapili, 17 Agosti

Sijaenda. Fausta amemtumia Watson picha ya kitanda. Watson amenitumia mimi, bila neno.

Jumatano, 20 Agosti

Sijaenda. Leo nimekaa peke yangu na Marita saa mbili, mama akiwa kwenye mkutano wa chama. Loisi alisema sasa inafaa. Nilikaa karibu na mlango. Yeye alikaa katikati ya chumba akapiga sufuria mpya kwa mwiko. Hakuna kilichotokea.

Jumamosi, 23 Agosti

Sijaenda. Vumbi. Nyekundu zimebaki za kutafuta mti kwa mti.

Alhamisi, 28 Agosti

Siku ya mwisho ya kuchuma. Nusu debe. Mama ameninong'oneza ingawa tulikuwa wawili tu: "Gwantwa, unangoja nini? Ukichelewa atakuja Jumamosi ijayo ya Septemba na gari, amevaa vizuri, na majirani zake wamempikia. Utamwambia hayo kibarazani kwangu?"

Nimemwambia ninaogopa.

"Ogopa ukiwa njiani," amesema.

Jumanne, 2 Septemba

Nimerudi Tunduma na Marita na mabegi mawili. Nyumba ni ileile. Watson alikuwa amefagia mpaka juu ya kabati. Ofisi wamenithibitishia, naanza tarehe kumi na tano. Fides, tuliyekuwa tunapima naye, amesema kuna eneo la viwanja mia mbili kule Mkwajuni linanisubiri na hakuna mwenye subira ya kulipima. Wakati naenda kazini, Marita atabaki na mama, ambaye anakuja Jumapili na kuku wake wote.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda Nakonde.

Nilivuka kwa miguu, Marita mgongoni, katikati ya malori yaliyopanga foleni. Fausta anakaa mtaa wa nyuma ya soko. Alikuwa uani anaosha mazulia. Aliponiona aliangusha brashi.

"Mwaiseni! Karibuni! Mbona hamkusema? Jumamosi si bado?" Tayari mikono yake ilikuwa mgongoni kwangu, inafungua kitenge. Nikamwachia amchukue. Alitupeleka chumbani moja kwa moja. Njano ya kiini cha yai. Kitanda kilikuwa na chandarua. Ukutani aliweka picha ya mama yao, Marita mkubwa, amekaa mbele ya duka.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Yote yalitoka kichwani. Nikasema, "Wifi, nimekuja kukuambia kwamba Marita haji kukaa kwako. Nitamlea mimi."

Aliendelea kumpigapiga mtoto mgongoni, mara tatu, mara nne, kama hajasikia. Kisha mkono ukasimama.

"Watson anajua?"

"Anajua. Tangu mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita." Aliangalia kitanda. "Mwezi uliopita nilikuwa nanunua chandarua."

"Nilipaswa kuja siku ileile. Niliogopa."

"Nimewaambia watu," alisema. "Nimewaambia kanisani, nimewaambia wanawake wa sokoni wale wote walionicheka miaka kumi na moja. Wameniletea nguo. Unajua mimi nilianza kuamka usiku? Naamka najaribu, nione kama nitaweza." Alikaa kitandani kwake, kile kikubwa kilichokuwa kando. "Ulipokubali mwezi wa tatu, nani alikubali? Ilikuwa wewe au nani?"

Njiani nilifikiri atauliza hivyo. Watson alinishauri niseme ulikuwa ugonjwa. Mama pia alinishauri hivyo. Ingekuwa rahisi kwetu sote; ugonjwa haugombani na mtu.

"Ilikuwa mimi," nilisema. "Nilikuwa naumwa, lakini ni mimi niliyekubali. Nilitaka uende naye. Nilifurahi. Na sasa ni mimi ninayekataa. Wote wawili ni mimi, wifi, na nimekukosea."

Sikuwa nimewahi kusema hivyo hata kwa Loisi. Tangu Januari nimekuwa nikiongea juu ya yule mwanamke wa Machi kama mpangaji aliyekaa nyumbani kwangu akaharibu vitu. Lakini alikuwa na miguu yangu. Alihesabu hatua kwa kipimo changu.

Fausta alininyooshea kidole. "Ukiniomba msamaha sasa hivi nitakupiga."

Alimshika Marita akamsimamisha mapajani, wakatazamana. Marita alikuwa anachezea hereni yake. Fausta alimwambia maneno kwa Kinamwanga, lugha ya kwao, polepole, mengine sikuyashika kwa sababu mimi ni Mnyiha, na yeye analijua hilo. Nilisikia jina la mama yao. Kisha akasimama, akaniwekea mtoto mgongoni mwenyewe, akanifungia kitenge, akakaza fundo kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi.

"Nenda," alisema. "Sitakusindikiza. Na kitanda hakitoki humu ndani, asije mtu kukifuata."

"Sawa."

"Usiniambie sawa."

Nikatoka. Getini kwake nilisikia brashi imeanza tena kwenye zulia, kwa kasi.

Nilifika Tunduma saa nane mchana. Watson alikuwa hajaenda kazini, amekaa ngazini na shati la kazi. Alinipokea mfuko wa nepi.

"Amesemaje?"

Nilikuwa na kiu. Nilikunywa maji kwanza. Nikafikiria kumweleza yote, mstari kwa mstari, jinsi nilivyoyaandika hapa. Nikaona hapana, maneno yale hayakuwa ya kubebewa na mtu.

"Ni dada yako," nilimwambia. "Nenda akuambie mwenyewe. Wewe ndiye uliyempa neno, mimi nimempa langu. Lako bado liko kule."

"Leo?"

"Leo. Anaosha mazulia. Msaidie kuyaanika, ni mazito yakilowa."

Aliangalia Marita, akaniangalia mimi, nikajua anahesabu: mtoto, mimi, nyumba, saa ngapi hatakuwepo. Sikumharakisha. Nilimwacha amalize hesabu yake.

"Mtabaki wawili," alisema.

"Ndiyo."

"Uko tayari?"

"Naogopa kidogo. Nitakupigia nikiogopa sana."

Akafunga kamba za viatu, akaenda.

Sasa ni saa kumi. Marita ameketi sakafuni, anaupasua mfuko wa nepi na kutoa moja moja. Nimemwambia aache, ameniangalia, ameendelea. Ni mbishi. Sijui ameutoa wapi ubishi huo, kwa mama yangu au kwa yule wa kwenye picha, au kwangu. Uji uko jikoni, unataka kuangaliwa. Naweka kalamu chini.